Kubadilisha na kukaza waya wa breki, baskeli na hendibreki ya gari

Mdogo wangu anachukua samaki Tumbe, huku Pemba, alfajiri akauze vijijini, nyuma kafunga tenga, na siku moja anateremka kaminya breki ya nyuma waya ukakatika pale pale kwenye mkono wa breki, ule unaouminya usukanini. Kabaki na breki ya mbele peke yake na raba zake zenyewe zishalika. Alhamdulillahi kaangukia majanini, kachubuka magoti na viwiko basi, lakini samaki wote chini na nusu saa nzima mikono inamtetemeka. Jioni nikaitazama ile baskeli, nikaona waya ulikua umeshatoa dalili zamani, nyuzi karibu na kichwa zimekatika moja moja, kutu imeshaingia ndani, na yeye kila breki ikilegea alikua anazungusha tu kile kinati cha pale mkononi anakaza, anakaza, mpaka kinati kikaisha uzi wake.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwenye baskeli na kwenye gari vile vile. Breki ikilegea mkono unakimbilia kwenye waya, wakati waya ndio kitu cha mwisho kukaza. Anzia kule breki inakokamata, yaani raba na rimu kwa baskeli, breki shuu na drami kwa gari (drami ni kile kikopo cha chuma kinachozunguka na tairi, breki shuu zinakaa ndani yake zinatanuka kukikamata), kule kukiwa sawa ndio uje kwenye waya, na waya ukiwa ushaoza usiukaze, ubadilishe.

Na kabla sijaenda mbali, kwenye gari naongelea hendibreki. Breki ya mguu kwenye gari zetu hizi inafanya kazi kwa mafuta ya breki yanayopita kwenye mabomba, haina waya, kwa hivyo kama pedeli inazama chini au ina sponji ukiikanyaga, usipoteze muda kukaza waya wa hendibreki, hiyo ni kazi nyengine na gari isitoke hapo ilipo mpaka ipate fundi. Na zile baskeli za zamani za fito, Phoenix na wenzake, breki zake zinavutwa na vyuma, hazina waya.

BASKELI

Angalia kwanza. Minya breki mpaka mwisho, kama mkono wa breki unagusa usukani breki hiyo imelegea. Sasa tazama raba. Raba nyingi zina mifereji, mifereji ikiisha raba imekwisha, na raba iliyokwisha ndio inakufanya udhani waya umelegea, mana inabidi isafiri mbali zaidi kuifikia rimu. Badilisha raba kwanza. Zungusha tairi uone kama rimu inayumba, mana rimu ikiyumba huwezi kuweka raba karibu, itagusa upande mmoja tu, basi nyosha rimu kwa spoku kwanza.

Halafu waya wenyewe. Minya mkono wa breki utazame pale kichwa cha waya kinapokaa, na utazame kule chini unapobanwa na bolti, sehemu hizo mbili ndio waya hukatikia. Ukiona hata uzi mmoja umekatika badilisha, usingoje wa pili. Na ukiachia mkono ukarudi polepole kama mtu mvivu, waya umeshika kutu ndani ya ganda. Huku kwetu upepo wa baharini peke yake unatosha kuleta kutu, na mwenye kubeba samaki ana tabu zaidi mana maji ya chumvi yanatiririka kutoka tengani yanaingia kwenye ganda la waya wa nyuma yanakaa humo humo. Ndio mana waya wa nyuma unakufa kabla ya wa mbele. Tena badilisha na ganda la nje pamoja, waya mpya ndani ya ganda lenye kutu utakwama mwezi huo huo.

Dukani, uwe Chake, Wete au Darajani kule Unguja, sema waziwazi unataka waya wa BREKI. Wa gia unafanana nao lakini ni mwembamba, wa breki una unene wa kama milimita 1.5 au 1.6 na wa gia ni kama 1.2 hivi. Ganda pia angalia sana. Ganda la breki ndani lina chuma kilichozungushwa kama springi, la gia lina nyuzi za chuma zilizolala kwa urefu, na ukiweka ganda la gia kwenye breki, siku utakayominya kwa nguvu linaweza kupasuka ubavuni na breki ikaondoka hapo hapo, yaani wakati ule unaoihitaji. Mie nishawahi kuuziwa hilo la gia na fundi akanifungia kabisa, nikaligundua nilipoona limevimba pale linapopinda. Toka siku hiyo naangalia mdomo wa ganda mwenyewe kabla ya kulipa.

Kichwa cha waya nacho kina maumbo mawili. Baskeli za usukani ulionyooka na zile za Kijapani za kikapu zinatumia kichwa kama kipipa kidogo, baskeli za mashindano za usukani uliopinda chini zinatumia kichwa kama pea. Nyaya nyengine zina kichwa huku na huku, unakata usichokitaka, ila tazama mara mbili kabla ya kukata. Ukipata waya usioshika kutu, ule wa stenlesi, lipa hiyo tofauti, huku baharini unajirudisha wenyewe. Na chukua vikofia, vile vya mwisho wa ganda na kile cha ncha ya waya.

Vifaa si vingi, spana namba 10 kwa breki za kawaida, au ufunguo wa pembe sita wa milimita 5 kwa breki zile za mikono miwili mirefu iliyosimama huku na huku ya tairi, plaizi nzuri yenye makali, msumari, tupa, na kipande cha tubu kuukuu.

Kazi yenyewe sasa. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, waya umepita wapi, umepinda vipi. Zungusha kile kinati cha vidole pale mkononi kiingie chote ndani, kisha legeza bolti inayobana waya kule kwenye breki. Ncha ikiwa imechanua kata hapo palipochanua, vinginevyo inakwama ndani ya ganda unaivuta mpaka inakuchana kidole. Kwenye mikono mingi ya breki kuna mfereji mwembamba kwenye kinati na kwenye nati yake ya kufungia, pangilia mifereji hiyo iwe sambamba na ule wa kwenye mkono, waya unatoka kwa pembeni bila tabu.

Ganda la zamani lilaze juu ya jipya ulikate sawa sawa, kama la zamani lilikua na urefu mzuri. Urefu mzuri maana yake ukigeuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto ganda halivutiki wala halina tao kubwa la bure. Ukilikata, mdomo unabonyea, ingiza msumari uurudishe uwe duara na tupa isawazishe ile ncha kali ya chuma. Hapa usifanye haraka, mana ile ncha ikibaki inausaga waya kila ukiminya, na utakuja kudhani umeuziwa waya mbovu.

Kulainisha paka grisi nyepesi kidogo tu kwenye vidole uupitishe waya katikati. Mafuta ya nazi hapana, najua kila nyumba yanakuepo na yanateleza vizuri siku ya kwanza, lakini yakikaa yanakua kama gundi, yanashika vumbi, na asubuhi za baridi za kipupwe yanaganda ndani. Oili chafu ya mashine ya boti vile vile hapana.

Pitisha waya, kichwa kikae vizuri kwenye kitundu chake pale mkononi, vaa vikofia kwenye ncha za ganda, upitishe chini ya fremu kama picha inavyoonesha. Sasa fungua kile kinati cha vidole mizunguko miwili kutoka ndani, ili baadae uwe na nafasi ya kulegeza na kukaza. Zibane raba zote mbili zishike rimu kisha zifunge na ule mpira wa tubu, kwa namna hiyo mikono yako yote iko huru na huhitaji kumwita mtoto aje akushikie. Vuta waya kwa plaizi, si kwa nguvu zako zote, uwe umenyooka tu, kaza bolti. Hakikisha waya umekaa kwenye mfereji wa bolti, chini ya kisahani chake, na ukaze kwa kiasi, ukikaza kupita kiasi unazikata nyuzi na ndio unautengeneza ule ugonjwa tuliokuja kuutibu.

Fungua mpira, minya breki kwa nguvu mara kumi. Itakua imelegea tena, usishangae, ganda linakaa kwenye vikofia na waya unajinyosha. Legeza bolti, vuta kidogo, kaza. Mwisho unataka raba ziwe mbali na rimu kama milimita 2 kila upande, na ukiminya mpaka mwisho kati ya mkono na usukani pabaki nafasi ya vidole viwili. Vipimo vidogo vilivyobaki ndio kazi ya kinati cha vidole, ukikitoa nje breki inakaza, ukikirudisha inalegea, ukimaliza funga ile nati yake nyembamba isije ikajizungusha njiani.

Raba za upande mmoja zikigusa rimu na wa pili ziko mbali, waya hauna kosa. Breki za mikono miwili mirefu zina kiskrubu ubavuni kila upande, kaza kile cha upande unaogusa nusu mzunguko, minya, tazama. Breki za kawaida legeza nati ya katikati nyuma ya fremu, shika breki yote uiweke kati, kaza. Na zile baskeli za Kijapani za kikapu breki ya nyuma mara nyingi iko ndani ya kikopo cha chuma kwenye haba, hiyo haina raba ya kuona, unarekebisha kwa kinati kilichopo pale waya unapoishia, na ikipiga kelele usiitie oili hata tone, ikilowa oili haikamati tena. Tena baskeli nyingi za Japani mkono wa kulia ni breki ya mbele, ukifunga nyaya zote mbili siku moja usizibadilishe pahala, mwenye baskeli kashazoea, atakuja kuminya ya mbele akidhani ya nyuma.

Kata ncha ibaki sentimita 4 au 5, vaa kikofia ukibane kwa plaizi, na uikunje isifike kwenye spoku.

Jaribu kwa miguu kwanza. Sukuma baskeli minya ya mbele, tairi la nyuma linyanyuke. Minya ya nyuma, tairi liburuzike. Halafu panda uzungukie uwanja wa skuli au pahala popote tambarare, mteremko baadae. Baada ya wiki kaza tena kidogo, waya mpya lazima utalegea mara moja.

GARI

Gari nyingi huku ni Toyota na Suzuki zilizotumika Japani, na nyingi nyuma zina drami. Hendibreki inavuta waya, waya unavuta kijimkono ndani ya drami, kijimkono kinazitanua breki shuu. Kwenye gari nyengine breki hiyo unaikanyaga kwa mguu wa kushoto lakini mbele ya hapo ni waya ule ule, ila za umeme za kitufe usiziguse na maelezo haya.

Hesabu vile vilio vya tik tik ukiinyanyua. Gari nyingi zenye drami zinataka kama 6 mpaka 9, kitabu cha gari yako ndio chenye neno la mwisho. Ikifika 12 na gari bado inarudi nyuma pale kwenye kilima cha bandarini Mkoani, kuna kazi. Na hapa ndio nataka usikilize, fundi wa haraka atafungua kile kiboksi cha kati ya viti, atakaza nati miduara mitano, hendibreki inakua juu juu, unalipa unaondoka umefurahi. Kumbe breki shuu zimelika, na ule mkazo unazishikilia zinasugua drami njia nzima. Jirani yangu katoka Chake kwenda Wete na gari imefanyiwa hivyo, kafika tairi la nyuma linatoa moshi na drami imeungua rangi ya buluu.

Mpangilio wake ni huu. Egesha pahala tambarare pagumu, weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele, gia ya kwanza au P, halafu shusha hendibreki. Legeza nati za tairi, nyanyua kwa jeki na uweke stendi za chuma. Tofali hapana, jiwe la matumbawe hapana, vinapasuka bila kukwambia, na usiingize mwili chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake. Kisha nenda ndani ulegeze nati ya waya pale kwenye hendibreki, kawaida spana namba 10 au 12, waya uwe hauvuti kitu kabisa.

Drami ikikataa kutoka usiitwange. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye uzi usoni mwa drami, tia bolti za milimita 8 huku na huku, kaza kidogo kidogo kwa zamu, drami inajisukuma nje. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, mana breki nyengine za zamani zina asbesto na inakwenda moja kwa moja mapafuni, mwagia maji yenye sabuni ulifute na kitambaa ukitupe. Breki shuu zikiwa zimebaki nyembamba badilisha, za pande zote mbili.

Waya wenyewe unabadilika hivi. Fungua upande mmoja tu, wa pili uache umefungwa, mana zile springi zina mpangilio na ukisahau unakwenda kutazama upande wa pili, picha ya simu nayo iwepo. Kisukume kijimkono mbele, rudisha springi ya waya kwa plaizi, ncha inachomoka. Kwenye bamba la chuma lililo nyuma ya breki shuu waya unashikwa na vijiti vya chuma vilivyotanuka, chukua spana ya duara namba 12 iteleze juu ya hivyo vijiti, vinabonyea vyote kwa pamoja na waya unatoka, mara nyengine umefungwa kwa bolti mbili tu. Fuata waya chini ya gari ufungue vishikizi vyake mpaka kule kati unapokutana na mwenzake. Waya wa kulia na wa kushoto kwenye gari nyingi hazina urefu mmoja, nenda dukani na ule wa zamani mkononi. Mpya upite njia ile ile, mbali na bomba la moshi, na vishikizi vyote virudi, waya unaoning'inia utasuguliwa na tairi. Mikono yenye grisi isiguse breki shuu.

Sasa kurekebisha, na hapa mpangilio ndio kila kitu. Kwanza kile kigurudumu chenye meno ndani ya drami, kizungushe breki shuu zitanuke, rudisha drami, zungusha kwa mkono mpaka usikie zinasugua, kisha rudisha meno machache mpaka inazunguka huru. Kanyaga breki ya mguu mara kadhaa zikae katikati. Zikishakua sawa pande zote mbili ndio unarudi kwenye nati ya waya, unakaza kidogo, unahesabu tik, unakaza tena, mpaka ufike kwenye idadi yako. Ishushe. Matairi yote mawili ya nyuma yazunguke bila kukwama, moja likisita waya umekaza mno au umekwama. Funga nati ya kufungia, tairi, shusha gari, kaza nati za tairi kwa msalaba.

Jaribu kwenye kilima gari ikiangalia juu, halafu ikiangalia chini, mguu uwe tayari juu ya pedeli. Kisha endesha kama kilomita 5, simama, peleka kiganja karibu na rimu za nyuma bila kugusa, la kulia na la kushoto liwe joto moja. Moja likiwa linachoma kuliko mwenzake rudi ulegeze.

Gari ukishaishusha ufukweni kupakua boti, ioshe chini kwa maji baridi ya mfereji siku hiyo hiyo, na tengani kwa baskeli weka karatasi la nailoni chini ya samaki maji yatoke kwa pembeni yasishuke kwenye waya. Na kama gari itakaa wiki kadhaa bila kuendeshwa usiiache na hendibreki juu, hewa ya chumvi inazigandisha breki shuu kwenye drami na waya kwenye ganda lake, iache tambarare kwenye gia na kabari chini ya matairi.